Kura Moja, Wabunge Wawili

Jumamosi, 1 Machi

Imekuwa! Mpwa wangu Mkunga amepitishwa kugombea ubunge wa jimbo letu. Jina limebandikwa mlangoni pa ofisi ya uchaguzi. Nimelisoma kimoyomoyo, halafu nikalisoma kwa sauti ili na wengine wafaidike. Wagombea ni wawili tu: yeye na Mwenye Kinu, yule tajiri wa mashine za kusaga, ambaye amekaa bungeni miaka yote hii na siku moja tu alisimama, kuomba dirisha lifungwe.

Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara. Baiskeli zinipishe!

Mama watoto kaniuliza, anayegombea ni wewe au mtoto wa dada yako? Nikamwambia damu ni moja. Akasema basi damu hiyo ikachote maji, pipa tupu.

Spika za kampeni ni zangu, hilo halina mjadala. Nani mwingine jimbo hili ana honi nne na amplifaya inayowaka bila kupigwa kofi? Wananiita Spika tangu ujana. Bungeni yuko mmoja anayetawala wabunge, huku niko mimi natawala hewa. Mimi ndiye niliyeiponya maiki ya mkuu wa nchi mmoja, simtaji, kwa njiti ya kiberiti, hotuba ikiwa katikati! Akanishika bega akasema injinia, umeniokoa. Wako wanaosema hakuwa mkuu wa nchi, alikuwa mkaguzi wa shule. Wivu tu.

Jumatatu, 3 Machi

Mpwa kaja jioni, bado kavaa gauni la wodi ya wazazi, viatu kashika mkononi. Kanieleza mambo ya bunge. Mimi niliacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa akiniuliza mimi majibu, lakini hili nakiri lilikuwa halijanikaa sawasawa.

Kumbe nyumba ile ina milango mitatu. Wa kwanza ni wa jimbo: wananchi wanapiga kura, mwenye nyingi anaingia. Wa pili ni wa viti vya wanawake: kila chama kinapeleka orodha ya akina mama kwa mpangilio, kura zikihesabiwa nchi nzima chama kinapata viti kwa kadiri yake, wa juu wanaingia na wa chini wanashika tama. Wa tatu ni kamlango kadogo, wale wachache anaowateua mkuu wa nchi. Hako hata mimi napita, wakinikumbuka.

Sasa sikia! Chama kilitaka kumweka mpwa kwenye orodha, juu kabisa, mahali pa uhakika. Akakataa! Na sheria hairuhusu kusimama jimboni huku jina liko kwenye orodha. Ni huku au kule.

Nikamwuliza, mwanangu, cha kupewa unakikataa, unafuata cha kupigania? Akasema, mjomba, wodi yangu haina maji. Mama mmoja wa orodha aliwahi kulisema jambo hilo bungeni, wakamwuliza kwa kejeli, mheshimiwa, wewe umetumwa na nani? Akakosa la kujibu. Mimi wakiniuliza nataka niwatajie mitaa.

Halafu akasema kwa sauti ya chini, nikikosa jimbo nimekosa vyote. Narudi wodini na ndoo zangu.

Nikamwambia hutakosa, mimi nipo. Akanitazama vile anavyowatazama wajawazito wanaosema uchungu bado.

Alhamisi, 6 Machi

Mkutano wa kwanza! Uwanja wa stendi umejaa mpaka watu wamekaa juu ya mapaa. Honi mbili nimezielekeza sokoni, mbili kilimani. Mpwa anaongea kama anavyozalisha, hapigi kelele, lakini mtu hawezi kuondoka kabla ya mwisho. Akina mama wamelia. Wanaume wamejifanya vumbi limewaingia machoni.

Mwishoni nikashika maiki kuaga tu, nikajikuta nimewasimulia jinsi sauti ya honi zangu ilivyowahi kutagisha kuku wa vijiji vitatu kwa mpigo mmoja. Nikainua kidole juu nikaapa kiapo changu: nikidanganya radi inipige nikiwa na waya mkononi! Uwanja mzima ukakitamka pamoja nami. Wanakijua kwa moyo. Kwenye pikapu mpwa kafumba macho njia nzima. Amechoka, nadhani.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimemnyamazisha Kinyozi! Ngoja niandike kama ilivyokuwa.

Nilikuwa kitini, kichwa nyuma, povu mpaka masikioni. Kinyozi ana ugonjwa wa kuanzisha mada wakati mteja hawezi kugeuza shingo. Akasema mbele ya benchi zima, tena siku ya Jumamosi, benchi limejaa: Spika, mpwa wako mtu mwema, kamzalisha mke wangu mara zote, lakini jimbo hili halijapeleka mwanamke na halitapeleka. Atachapwa mpaka arudi wodini kwa machela. Benchi likacheka. Fundi viatu akacheka mpaka akapaliwa.

Sasa mimi nifanye nini? Wembe uko hapa kwenye koromeo. Siwezi kuruka, siwezi kupiga ukuta, hata kidole siwezi kuinua. Basi nikasema polepole, macho darini: hata akichapwa, yumo. Chama kimeshamweka kwenye orodha ya akina mama. Namba moja.

Wembe ulisimama!

Kinyozi akauliza, umeiona kwa macho yako? Nikasema nimeiona, picha yake ndiyo ya kwanza, kavaa kitambaa cha samawati. Kitambaa sijui kilitoka wapi, kilikuja chenyewe. Basi! Hakuna aliyecheka tena. Fundi viatu akasema kwa heshima, kumbe. Kinyozi akanipaka poda mara mbili na kunisindikiza hadi mlangoni.

Ni uongo mdogo. Tena wa karibu na ukweli, maana kweli walitaka kumweka. Hauna madhara. Na raha niliyoipata!

Jumapili, 9 Machi

Ajabu! Leo kila ninapopita napewa mkono. Mwenye duka la vipuri kaninong'oneza, Spika, tumeelewa. Nikajibu, mkielewa mmeelewa. Akanikonyeza. Nikamkonyeza. Mwalimu wa jirani naye kanikonyeza, mtu ambaye hata salamu huitoa kwa mkopo.

Kampeni imeiva. Mimi nasema tutashinda kwa mafuriko!

Jumanne, 11 Machi

Balaa! Ngoja niandike tangu asubuhi.

Asubuhi nimepita kinuni. Ukutani wameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama ng'ombe: KURA MOJA, WABUNGE WAWILI. Nikacheka peke yangu. Nikasema, Mwenye Kinu kachanganyikiwa, hesabu gani hiyo?

Nikafika sokoni. Mama Mkaa akaniita. Huyu anauza mkaa pale kona ya kuingilia, na hakuna mwanamke wa soko anayeamua jambo kabla hajamsikia Mama Mkaa kasemaje. Akasema, wee Spika! Njoo nikupe mkono. Mweusi, lakini wa heshima. Wanaume wote wa hapa, wewe ndiye wa kwanza kutuletea maneno yenye faida.

Faida gani, mama?

Akasema, si Mkunga ameshaingia kwa orodha? Basi kumpa kura na jimbo ni kumimina maji kwenye pipa lililojaa. Sisi kura ya jimbo tunampa Mwenye Kinu, naye anaingia. Wanakuwa wawili! Wenzetu wana mmoja mmoja, sisi tuna jozi. Akili kubwa hiyo, na umeileta wewe!

Nitaficha nini, na ninaandika peke yangu. Hesabu ile ilinipendeza! Kwa muda wa kumeza mate nilijivuna kwamba imetoka kichwani mwangu. Halafu mate yakakataa kushuka.

Nikamwuliza, kabla ya habari hii, nyinyi wa soko mlikuwa mnampa nani? Akashangaa. Tungempa nani kama si Mkunga! Hakuna tumbo la soko hili ambalo halijapita mikononi mwake. Ndiyo maana tumefurahi, Spika. Tunampenda, na hatumpotezei kura.

Nikasema orodha hiyo haipo, mama. Akacheka mpaka mizani ikatikisika. Akasema, ndiyo ndiyo, haipo, nasi hatujasikia. Akanikonyeza!

Wale wote waliokuwa wakinikonyeza tangu juzi. Wote!

Jumatano, 12 Machi

Nimekuwa wa kwanza kwa Kinyozi, hata kabla hajatundika taulo. Nikangoja benchi lijae, maana uongo niliutoa mbele ya benchi, na ukweli nao upate benchi. Nikasimama. Nikasema, jamani, ile orodha hakuna. Nilitunga.

Kinyozi akalitazama benchi. Benchi likamtazama Kinyozi. Wakaangua kicheko!

Nikaapa. Nikidanganya radi inipige nikiwa na waya mkononi! Ndiyo kwanza wakacheka zaidi, fundi viatu akaenda chini na stuli yake.

Kinyozi akafuta machozi kwa lile taulo la wateja. Akasema, Spika, wewe tunakujua. Ulipovuka mto na amplifaya kichwani huku mamba wanakupigia makofi, uliapa. Kuku walipotaga, uliapa. Mkuu wa nchi na njiti yake, uliapa mara mbili. Jumamosi hukuapa. Ulisema taratibu kama msoma habari wa redio. Tena wembe wangu uko kooni mwako! Mtu gani anadanganya wembe ukiwa kooni?

Nikasema, ni kwa sababu sikuweza kuinua mkono! Akanishika bega kwa huruma. Akasema, tunajua wamekutuma, chama hakitaki siri itoke. Siri yako kwetu iko salama.

Salama! Siri imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu!

Nikajaribu upya bila kuapa. Nikaenda vizuri mpaka katikati, halafu radi ikatoka yenyewe mdomoni. Miaka yangu yote nimeifundisha kutoka, leo nitairudisha kwa kamba gani?

Kilichoniuma zaidi ni hiki: kisa cha mamba walikuwa hawakiamini? Siku zote hizi?

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda wodini kwa mpwa. Njiani nilijiandalia kisa kizuri, kina adui, kina njama, kina gari jeusi. Nilipomwona ametoka chumba cha kuzalishia, mikono juu, kisa kikayeyuka.

Akasema, mjomba, nimiminie. Bomba la pale ni pambo, maji yako kwenye ndoo. Nikachota kwa kopo nikamwagia mikono taratibu, yeye anasugua mpaka viwiko. Akasema, tangu juzi wanawake wananipongeza kwa kiti cha orodha. Nikikana na kuwatajia sheria wanasema, mgombea atakubali vipi? Wananikonyeza. Mjomba, unajua maneno haya yametoka wapi?

Nikasema, kwangu.

Hakuinua kichwa. Akasema, mimina, povu halijaisha. Nikamimina. Heri angenitukana. Maji yalipoisha nikawa bado nimeinamisha kopo tupu.

Mwisho akasema, mtoto akitanguliza miguu, hatumsemi wala hatumrudishi. Tunatafuta pa kumshika. Kesho ndio mkutano wa mwisho. Utapanda jukwaani, utasema ulivyosema na kwamba si kweli. Usiape, usisimulie, usipambe. Halafu ushuke.

Nikauliza, niweke hata kautangulizi? Akasema, mjomba!

Sasa hivi nimetoka mazoezini. Mama watoto kanikalisha kwenye mkeka, mwiko mkononi. Nasema maneno yangu, na kila radi ikichungulia napata ko! kwenye goti. Magoti yamevimba. Kaniambia, baba watoto, ulimi wako ungekuwa jembe tungekuwa matajiri. Nikamwambia hata hivyo nalima. Ko!

Ijumaa, 14 Machi

Umati huo sijauona! Uwanja wa shule ya msingi ulijaa, ukuta ulijaa, barabara ilifungwa yenyewe. Sitii chumvi, na leo hasa sina hata punje.

Mpwa aliongea mambo ya maji na barabara ya wodini. Wakampigia makofi, lakini yalikuwa makofi ya harusi ya jirani, mtu unafurahi ila mwali si wako. Wameshampa kwaheri ya heri! Halafu akasema, mjomba wangu ana neno fupi.

Walivyoniona! Spika! Spika! Fundi viatu akapiga mluzi. Wamejiandaa kwa mamba. Nikashika maiki, na ulimi ukaniambia, waanzie na mto kidogo tu, uwalainishe. Nikauma ulimi.

Nikasema: Jumamosi kwa Kinyozi nilisema Mkunga yumo kwenye orodha ya chama. Si kweli. Hayumo kwenye orodha yoyote. Mkimtaka, ni kwa kura yenu ya jimbo. Hana mlango mwingine.

Kicheko kikaanza upande wa Kinyozi, kikatembea, kikafika katikati kikapungua. Watu wakawa wanangoja. Kinyozi akapaza sauti: Apa, Spika!

Uwanja ukalipuka. Apa! Apa! Apa! Wote wanacheka, wote wananyoosha vidole juu mithili yangu. Na kidole changu, Mungu wangu, kilikuwa kimeshapanda! Kipo hewani! Waya uko mkono wa pili! Nikatazama mbele, nikamwona mama watoto mstari wa kwanza. Kaja na mwiko. Kauinua.

Nikashusha kidole. Nikasema, siapi. Nikamrudishia mpwa maiki nikashuka.

Sijawahi kusikia uwanja mkubwa vile ukinyamaza. Honi zangu zilikuwa zinavuma tu, mmm, kama nyuki ndani ya mzinga. Mama Mkaa alikuwa karibu na nguzo ya goli. Hakucheka. Alikunja uso kama mtu aliyepima mkaa wake na kugundua mizani ilikuwa imeegemea.

Watu wakatawanyika wakibishana. Wengine wanasema kweli hakuapa. Wengine wanasema kafundishwa asiape. Saa kumi na mbili jioni kampeni zikafungwa kisheria. Hakuna wa kuongeza neno.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna kampeni. Honi zimefunikwa turubai. Nimeshinda nyumbani bila kusimulia kitu.

Mama watoto kaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 16 Machi

Tumepiga! Kidole kina wino, sijakiosha wala sitakiosha.

Foleni ilizunguka shule. Mimi nyuma ya bibi mmoja mwenye mkongojo, nyuma yangu wanawake wawili wa soko wanazozana kwa kunong'ona, ule mnong'ono unaosikika mtaa wa pili. Mmoja anasema, jozi ni jozi, mimi sibadilishi. Mwenzake anasema, na kama hayumo kweli? Tutabaki na Mwenye Kinu na dirisha lake. Wa kwanza akasema, Spika yule, wewe unamwamini lini? Mwenzake akasema, kilichonitisha ni hicho. Hakuapa.

Nilitaka kugeuka! Shingo ikataka kukatika! Lakini kituoni kampeni ni marufuku, nikatazama kisogo cha bibi na mkongojo wake.

Kinyozi nimekutana naye akitoka. Nikamwuliza kwa macho. Akasema, kura ni siri, ndugu yangu. Hakunikonyeza. Leo hakuna aliyenikonyeza, siku nzima. Sijui niifurahie au niiogope.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika hapa hapa, nimekaa juu ya boksi la betri ndani ya ukumbi wa halmashauri, nyuma ya pazia la jukwaa. Nisipoandika nitapasuka!

Tangu alfajiri redio inataja majimbo. Vyama vinakimbizana sako kwa bako, na wanawake waliopita kwa mlango wa jimbo nchi nzima bado hawajazi hata benchi la Kinyozi. Kwetu vituo vya upande wa wodi mpwa ameongoza, vya upande wa kinu ameongoza Mwenye Kinu. Wanakanyagana visigino. Kilichobaki ni kituo cha soko. Soko! Kati ya vituo vyote!

Kura za soko zimefika, Msimamizi wa uchaguzi kazijumlisha peke yake mlango ukiwa umefungwa, akapanda kutangaza. Maiki ya ukumbi ikatoa mlio mmoja kama paka aliyekanyagwa. Ikafa. Nje kuna umati mpaka barabarani, na sheria inataka matokeo yasikike. Msimamizi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akauliza nani ana vyombo. Umati wote ukajibu kwa jina moja.

Nimeingia na honi zangu begani kama mwanajeshi! Wakala wa Mwenye Kinu akaruka: huyu ni mjomba wa mgombea! Msimamizi akauliza, kuna fundi mwingine? Hakujitokeza mtu. Wakala akasema basi afunge nyaya tu, mdomo wake usikaribie maiki, hata kuijaribu asijaribu. Msimamizi akakubali. Mimi! Nisiseme hata moja-mbili kwenye maiki yangu mwenyewe!

Haya. Nimefunga. Sasa kazi yangu ina utaratibu wake: kabla ya kufungua honi za nje, fundi anavaa hedifoni, anasikiliza sauti ya maiki peke yake, kama iko safi. Na kwa kuwa mimi nimepigwa marufuku, aliyebaki wa kuijaribu ni Msimamizi mwenyewe. Mawakala wakatoka kwenda kuwaita wagombea wasogee mbele. Yeye akaniuliza pembeni, niseme nini? Nikamwambia chochote, mama, ila kiasi cha sentensi nzima, nisikie vizuri. Akauliza honi za nje zimefungwa? Zimefungwa. Akasema koo limemkauka, basi ajaribu na maneno yenyewe, alainishe ulimi.

Akageukia pazia. Akasema kwa sauti ya chini kabisa kwenye maiki, taratibu, tangu mwanzo hadi jina.

Nimesikia.

Nchi nzima ni yeye na mimi tu! Mimi Spika, wa darasa la sita! Hata mkuu wa nchi hajui! Akaniuliza, iko safi? Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa ametoka kungoja mawakala wapange viti. Nami nimebaki na jina. Dirishani Kinyozi amebanana na vyuma, na fundi viatu kwapani mwake. Anasema, Spika, najua unajua. Ni nani? Kohoa mara moja kama ni Mkunga. Sijakohoa. Koo linawasha, sikohoi! Anasema, basi apa kama hujui. Siapi. Anasema, ndugu yangu, tangu lini wewe una neno na hulisemi? Nimeinamia nyaya.

Mama Mkaa naye yuko nje, namwona katikati ya bega na bega. Hasemi kitu. Ananitazama uso tu, anapima. Nikitabasamu wataona. Nikinuna wataona. Uso wangu haujawahi kubeba mzigo mzito hivi, hata amplifaya ya mtoni ilikuwa nyepesi. Ile amplifaya haikuvuka mto wowote, ilivuka kidimbwi tu.

Mpwa ameingia. Kasimama upande wa pili wa jukwaa, na lile gauni la wodini, amekuja moja kwa moja kutoka zamu. Mikono kaikunja tumboni. Ananitazama. Hata yeye simwambii, wala daftari hili siliambii. Hapa pana mwenye kusema, na leo si mimi.

Wakala ananikodolea macho. Naandika nikitazama chini.

Msimamizi amerudi. Anaweka miwani sawa. Ananinyooshea kidole: fungua.

Waya uko mkononi. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu. Nimezungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho wake, mpaka kilimani wasikie, mpaka sokoni, mpaka wodini kwenye zile ndoo, na sasa nafungua ho—